Safari za Kipindupindu Zinavyosomwa Maabarani



Kipindupindu kikizuka, swali la kwanza barazani huwa: kimeletwa na nani? Huyu atataja wavuvi, yule mama wa kibanda cha chakula, mwingine mto. Kwa miaka mingi hata wataalamu walikisia tu, kwa kuwa bakteria wa ugonjwa huu, Vibrio cholerae, hufanana wakitazamwa kwa darubini. Siku hizi husomwa ndani.

Ndani ya kila bakteria mna maagizo ya maisha yake, yaliyoandikwa katika DNA kwa herufi nne zinazorudiwarudiwa. Maagizo hayo yote kwa pamoja huitwa jenomu. Jenomu kamili ya kipindupindu ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 2000: herufi zipatazo milioni 4. Bakteria anapogawanyika hunakili herufi hizo, na mara mojamoja hukosea. Kosa hilo hurithiwa. Sampuli mbili zenye makosa yaleyale ni za ukoo mmoja, kama wazee wanavyowatambua watoto wa boma fulani kwa pua zao.

Mwaka 2017 watafiti walitoa matokeo ya jenomu 1,070 kutoka nchi 45 za Afrika. Zilionyesha kwamba kipindupindu kimeingia barani angalau mara 11 tangu 1970. Yaani milipuko mikubwa haikuchipuka yenyewe kutoka mito na maziwa ya hapa. Ililetwa na wasafiri, kisha ikasambazwa na vyoo vibovu na maji machafu.

Yemen ndiyo inayoihusu Kenya zaidi. Mlipuko uliozuka huko mwaka 2016, vita vikiendelea, ulipita watu milioni 1 walioshukiwa kuugua. Jenomu zilipolinganishwa, matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba ukoo huo ulitoka Asia Kusini, lakini kabla ya kufika Yemen ulipita Afrika Mashariki, ukasababisha milipuko Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 2015 na 2016.

Kisha ukarudi, na haukurudi mikono mitupu. Kati ya 2018 na 2019 ulipatikana Yemen ukiwa umebeba plasmidi, kipande kidogo cha DNA ambacho bakteria hupeana kama majirani wanavyoazimana jembe. Kipande hicho kina maagizo ya kushinda dawa. Mwaka 2022 ukoo huo ulikuwa Lebanon, 2023 Kenya, na 2024 Tanzania, Komoro na Mayotte. Matokeo yaliyochapishwa Desemba 2024 yanasema unastahimili antibiotiki 10. Kati ya dawa tatu zinazopendekezwa kwa kipindupindu, mbili hazifui dafu mbele yake: azithromaisini na siprofloksasini. Imebaki doksisaiklini. Ikizoeleka nayo, hakutakuwa na antibiotiki ya kumeza ya kutegemea, na kuinunua dukani kwa kila tumbo la kuhara, bila kupimwa, ni kuwapa bakteria nafasi ya kuizoea.

Hilo lisimkatishe mtu tamaa. Antibiotiki si tiba ya kwanza ya kipindupindu. Kinachoua ni kuishiwa maji mwilini, na mgonjwa mahututi anaweza kufariki ndani ya saa chache. Pakiti ya ORS hukorogwa katika lita moja ya maji safi, na mgonjwa huanza kuinywa nyumbani, aendelee njiani kwenda zahanati. Aliyezidiwa huwekewa maji kwa mshipa. Wanaotibiwa mapema, hufariki chini ya 1 kati ya 100. Plasmidi nayo haimsaidii bakteria kitu ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, wala mbele ya klorini.

Kazi hii yote huanza na kikopo cha kinyesi, na hapo ndipo watu huona haya. Wengine huogopa wakisikia neno DNA, wakidhani ni ile ya mahakamani ya kutafuta baba wa mtoto. Herufi zinazosomwa hapa ni za bakteria, si za mgonjwa. Hazitaji jina lake wala la kijiji chake, na hazimtafuti wa kulaumiwa. Mama wa kibanda huenda aliugua kwa maji yaleyale waliyokunywa wateja wake.

Inafaa sampuli itolewe kabla ya mgonjwa kumeza antibiotiki yoyote, maana vidonge viwili vya haraka nyumbani vyaweza kuwaua bakteria wanaohitajika maabarani huku ugonjwa ukiendelea kusambaa kwa majirani. Aliyekwisha kumeza aseme bila kuficha, na asichelewe kwenda zahanati kwa sababu hiyo.

Jenomu za sampuli kutoka vijiji viwili zikilingana karibu herufi kwa herufi, maafisa wa afya ya umma hutafuta wanachoshiriki wakazi wa vijiji hivyo: kisima, bomba, soko au matanga. Zikitofautiana sana, wanajua ugonjwa umeingia kwa milango miwili, na kufunga kisima kimoja hakutatosha.