Chumvi, Rovu na Akili ya Mtoto



Katika Ziwa Kivu, baina ya Kongo na Rwanda, kipo kisiwa kiitwacho Idjwi. Ardhi yake hustawisha ndizi, maharagwe na mihogo, na pande zote kimezungukwa na maji yenye samaki. Mgeni akikitazama hadhani kwamba watu wake waweza kupungukiwa na kitu katika chakula. Lakini matabibu waliokwenda huko katika miaka ya 1960, akiwamo Delange, waliwakuta watu wengi mno wa upande wa kaskazini wana rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo. Na walikuwako watoto ambao hawakukua kwa kimo wala kwa akili.

Asili ya maradhi hayo si uchawi, wala si laana ya ukoo. Ni upungufu wa iodini, ambayo Tanzania huitwa madini joto. Tezi ya shingo huitumia iodini kutengeneza dawa ya asili inayouongoza mwili katika kukua, kupata joto na kujenga ubongo. Iodini isipotosha, tezi hujitahidi kupita kiasi, ikavimba. Ghala kubwa la iodini duniani ni bahari. Katika nchi za milima, mvua za karne nyingi zimeiosha kutoka udongoni na kuipeleka kwenye mito, kisha baharini. Hivyo mmea uotao katika udongo huo hauna cha kumpa mlaji. Samaki wa baharini ana iodini nyingi, lakini wa maji baridi anayo kidogo. Ndiyo sababu mtu aweza kuishi kando ya ziwa, akashiba kila siku, na bado akapungukiwa.

Jambo jingine lilionekana Idjwi. Upande wa kusini-magharibi wa kisiwa ulikuwa na upungufu wa iodini vilevile, ilhali rovu lilikuwa chache. Uchunguzi ulielekeza kwenye muhogo. Muhogo mchungu una sumu, na muhogo usiotengenezwa vema huacha mwilini kitu kinachoizuia tezi isipate hata ile iodini kidogo iliyopo. Si kwamba muhogo uachwe, kwani ndio uhai wa nyumba nyingi. Bali uloweshwe siku za kutosha, ukaushwe barabara juani, na usiwe chakula pekee.

Yafaa ifahamike kwamba rovu ni sehemu ndogo tu ya madhara, nayo ndiyo ionekanayo. Hasara kubwa haina uvimbe. Mama mjamzito akikosa iodini, huenda mimba ikaharibika, au mtoto akazaliwa mfu, au akazaliwa kiziwi na bubu, au mzito wa akili. Wengine huonekana wazima, ila darasani hawafahamu kwa wepesi kama ilivyopasa. Mwalimu humwita mtoto huyo mvivu, na baba humpiga, kumbe aliibiwa akili kabla hajaitwa jina.

Ushahidi wa jambo hilo ulipatikana katika milima ya New Guinea, nchi ambayo watu wake walikuwa na dhiki hiyohiyo. Mwaka 1966 baadhi ya akina mama walidungwa sindano ya mafuta yenye iodini, na wengine hawakupewa. Waliopata sindano kabla ya kushika mimba, watoto wao waliepukana na ule udumavu wa akili. Dawa ikija wakati mimba imekwisha kukua, ubongo ulioharibika haurudi. Kwa hiyo kinga haiwezi kungoja daktari aitwe. Hapana budi iwe jikoni kila siku, kabla mama hajajua kwamba ni mjamzito.

Na kitu kiingiacho katika kila jiko, la tajiri na la maskini, ni chumvi. Waswisi, watu wa milima vilevile, walilitambua hilo mapema. Mwaka 1918 daktari Otto Bayard alizigawia familia za kijijini chumvi iliyotiwa iodini kwa kipimo, na rovu zikapungua. Mwaka 1922 jimbo la Appenzell Ausserrhoden likaanza kuuza chumvi ya namna hiyo. Mwaka 1990 viongozi wa mataifa waliokutana New York kwa ajili ya haki za watoto waliweka azimio la kuuondoa upungufu huu duniani.

Kiasi kinachohitajiwa ni kidogo cha kustaajabisha. Mtu mzima hutosheka na mikrogramu 150 kwa siku, na mama mjamzito au anyonyeshaye mikrogramu 250. Mtu mzima akiishi hata miaka 70, jumla ya iodini anayoihitaji haifiki gramu 4. Chumvi yenye miligramu 30 za iodini katika kila kilo humpa mtu mikrogramu 150 katika gramu 5 tu. Hapana haja ya kuzidisha chumvi, kwani chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu. Inayotakiwa ni chumvi ileile ya kila siku, ila iliyotiwa iodini.

Wapo wanaodhani kwamba chumvi ya baharini ina iodini ya kutosha kwa asili yake. Sivyo, ikikaushwa hubakiwa na kidogo mno. Chumvi ya maziwani, kama ile ya Katwe katika Uganda, nayo yapasa kutiwa.

Basi kila mmoja ana sehemu yake. Mtengenezaji atie kipimo kamili. Mfanyabiashara asiiache magunia juani wala mvuani, kwani jua na unyevu huipunguza iodini. Wala asichanganye chumvi iliyotiwa na isiyotiwa, akaziuza kwa jina moja. Mama aiweke chumvi katika chombo kikavu chenye kifuniko, na aitie chakula kikaribiapo kuiva. Maofisa wa afya waipime sokoni na madukani. Kuna dawa ya matone ambayo huigeuza chumvi yenye iodini kuwa rangi ya buluu. Na mkojo wa watoto wa shule upimwe, ili ijulikane kama iodini imefika miilini.

Mnunuzi wa chumvi hawezi kuonja iodini wala kuiona. Humwamini aliyeitengeneza na aliyeiuza. Kilo moja ya chumvi ni bidhaa ya bei ndogo, lakini ndani yake mna amana ya akili ya mtoto ambaye bado hajazaliwa. Mwenye kuitunza amana hiyo amemtunza mtoto wa jirani yake, ijapokuwa mtoto huyo hatamjua kamwe.