Anayevutwa Naye Ni Dereva

(Mazungumzo haya yalitolewa redioni na kasisi wa Kanisa la Anglikana. Tunayachapa kwa ombi la wasikilizaji.)

Najua kwamba saa hizi wengi wenu mlioko Bureti, Kericho na Bomet mmekwisha kuchuma, majani yamepimwa kituoni, lori la kiwanda limeyachukua, na sasa mmekaa jikoni karibu na moto. Kaeni hapo hapo. Leo nataka tuzungumze juu ya kuvuta gari bovu.

Labda mtu atasema, Pasta amekosa neno la kuhubiri. Subirini kidogo.

Ilikuwa mwezi wa Aprili mwaka 2024, wakati wa zile mvua nyingi. Nilikuwa nimetoka Bomet kumzika mzee mmoja. Nilikuwa peke yangu katika gari dogo la parokia, gari lililotumika Japani kwanza, la otomatiki, ambalo Wakristo walichanga miaka miwili ili kulinunua. Nikapita Kaplong, nikapita Litein, na kabla sijafika Chemosit injini ikakohoa mara mbili ikazima. Ilikuwa yapata saa kumi na mbili jioni, na mvua ya kwetu mnaijua, haimwulizi mtu kama ana mwavuli.

Baadaye likaja lori la majani, limekwisha kupakua kiwandani, tupu. Dereva wake alikuwa kijana niliyemfundisha darasa la kipaimara. Akashuka, akatoa kamba nene ya nailoni chini ya kiti, akaifunga mbele ya gari langu na nyuma ya lori lake. Mimi nikafikiri, ashukuriwe Mungu, sasa nitapumzika. Nikaegemea kiti.

Kijana akaja dirishani. Akaniambia, "Pasta, samahani, kuna mambo nikuambie. Usiutoe ufunguo, usukani utajifunga. Weka gari fri. Usukani utakuwa mzito. Breki nayo itakuwa ngumu kama jiwe, maana injini haifanyi kazi. Ukikanyaga mara mbili tatu ule msaada wake unakwisha, kwa hiyo kanyaga kwa nguvu zako zote. Na tukiteremka, wewe ndiwe utakayeshika breki ili kamba isilegee. Mimi nitavuta, lakini kamba ni kazi yako."

Wasikilizaji wapenzi, sikuwa nimewahi kufanya kazi ngumu namna ile katika gari. Kupanda mlima hakuna taabu, lori linavuta nawe unafuata. Mashaka yako katika kuteremka. Gari la nyuma linataka kulikimbilia lile la mbele. Kamba inalegea, inaburuta chini, pengine inaingia chini ya magurudumu. Kisha lori linapokaza mwendo kamba inakazika ghafula, na hapo hukatika, au hung'oa kile chuma ilichofungiwa. Basi ilinibidi niyaangalie mataa ya lori bila kupepesa macho, la kushoto lilikuwa limekufa, mguu juu ya breki, mikono miwili juu ya usukani, na matope yote ya magurudumu yake yananirukia kiooni. Vifuta maji vilikwenda polepole, maana betri ilikuwa inakwisha.

Tukapita sokoni. Watu waliokuwa wamejikinga mvua barazani wakaliona gari la kanisa. Nikasikia mtu akipaza sauti, "Pasta anavutwa!" Nilitamani kuinama kama mtu anayetafuta kitu sakafuni, lakini usukani haukuniruhusu. Sikuona haya ya mahubiri mabaya niliyopata kuhubiri kama nilivyoona haya siku ile, na nimehubiri mabaya mengi.

Tulifika Kericho salama. Kesho yake fundi akafungua, akaona ubovu wa injini ni waya mmoja tu wa pampu ya mafuta uliokatika. Nikafurahi. Lakini fundi hakufurahi. Aliniuliza, "Mmelivuta kutoka wapi?" Nilipomwambia, akatikisa kichwa. Giaboksi ilikuwa imeungua. Gari la otomatiki, alinieleza, mafuta ya giaboksi husukumwa na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizimwa na magurudumu yakaendelea kuzunguka, vyuma vya ndani vinasagana bila mafuta mpaka vinaharibika. Gari la gia za mkono kwa kawaida huvumilia. Hili letu lilipaswa kuinuliwa yale magurudumu yanayoendeshwa na injini, au kubebwa zima zima juu ya gari lingine.

Fundi akatoa kijitabu katika kisanduku cha mbele. Kilikuwa kimeandikwa Kijapani, nami sikuwahi kukifungua. Lakini picha haina lugha. Kulikuwa na picha ya gari likivutwa kwa kamba, magurudumu yote yako chini, nayo imepigwa alama kubwa ya mkato. Kile kijitabu kilikuwa mkono mmoja kutoka kwangu njia nzima. Yule kijana alitenda tendo jema kwa alivyojua. Kosa ni langu. Nasema hivi redioni kwa sababu wako wazee wa kanisa wanaonisikiliza sasa, nao ndio waliolipa.

Baadaye nilimsimulia mgeni mmoja, kasisi kutoka Marekani, naye akacheka sana. Akaniambia kwamba kwao wako wazee wengi waliostaafu wanaonunua gari kubwa ambalo ndani yake ni nyumba, lina kitanda, jiko na choo, wakazunguka nchi. Nyumba hiyo haiwezi kuingia katika vichochoro vya miji, kwa hiyo wanafunga gari dogo nyuma, la kwendea sokoni na kanisani wakisha kuegesha ile nyumba. Tena hawatumii kamba kama sisi. Hutumia chuma kigumu chenye umbo la herufi A, na minyororo miwili ya akiba, na nyaya za kuwasha taa za nyuma za lile dogo. Na kwa kuwa hakuna mtu ndani yake, huweka kifaa cha kukanyaga breki za lile dogo kila lile kubwa linapopunguza mwendo. Katika majimbo mengi sheria yadai hivyo. Wala hawanunui gari dogo lo lote la kuvuta. Kwanza husoma kitabu cha gari kuona kama laweza kuvutwa magurudumu yote yakiwa chini. Hata gari tupu, lisilo na mtu, lazima lishike breki zake lenyewe!

Usiku ule niliifungua Wagalatia sura ya 6. Mstari wa 2 mtume Paulo anatuagiza tusaidiane katika mizigo. Mistari mitatu mbele, katika ule wa 5, asema kwamba kila mmoja ana mzigo wake wa kubeba. Katika baadhi ya tafsiri zetu za Kiswahili neno ni moja, mzigo na mzigo, na wakati wa ujana wangu nilidhani Paulo amejisahau. Chuoni ndipo tulipoonyeshwa kwamba katika Kiyunani ni maneno mawili. La kwanza, baros, ni uzito unaomlemea mtu asiweze kusimama. La pili, phortion, ni furushi lake mtu, kama la msafiri, au shehena ya merikebu; na ndilo neno lile lile katika Mathayo 11, pale Bwana wetu anaposema juu ya mzigo wake kwamba si mzito. Niliyajibu hayo vizuri katika mtihani. Kuyafahamu ni jambo jingine.

Maana wakati gari liko kwa fundi nilikuwa nakwenda kwa miguu, na mwenda kwa miguu hupita penye nyumba ambazo gari huzipita mbio. Nikapita kwa mtu mmoja wa kanisa letu. Huyu alichuma majani katika shamba kubwa la Kericho muda wa miaka kumi na minane. Tangu mashine za kuchuma zilipozidi mashambani, watu wengi walikosa kazi, naye akawa mmoja wao. Mnakumbuka jinsi hasira ilivyowaka hata mashine zikateketezwa Kericho mwezi wa Mei mwaka 2023. Siku hizo mtu akafa. Siwezi kulipita jambo hilo kama habari ndogo, lakini si la leo.

Sisi wa parokia tulimwonea huruma. Tukamlipia kodi ya nyumba. Tukampelekea unga na sukari. Tukamtafutia kazi ya ulinzi Nakuru, tukamwambia aende, akaenda, akarudi baada ya mwezi mmoja. Tukamnung'unikia kidogo. Tena nasikitika kusema, kila Jumapili tulitaja msaada huo katika matangazo. Kisha akaacha kuja kanisani, nasi tukasema, ona, hana shukrani.

Siku ile alinipa kigoda, akanipa chai. Nikamwuliza, "Ndugu, mbona hatukuoni?" Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Pasta, nawashukuru sana. Lakini tangu mlipoanza kunisaidia sijaulizwa neno hata moja."

Sikuwa na jibu. Nikanywa chai.

Kumbe mtu huyu, kule shambani, alikuwa amewekwa miaka sita katika kitalu. Anajua kukata vipandikizi vya chai, kuvitia katika vifuko vya plastiki, kuvifunika, kuvipa kivuli mpaka vishike mizizi. Alitaka kipande cha ardhi na maji tu, aoteshe miche ya chai na ya parachichi awauzie majirani. Basi. Mwaka mzima tulimvuta kuelekea Nakuru, naye anajua njia yake. Tukampa kona ya kiwanja cha kanisa. Miche ya kwanza ilikauka karibu yote. Ya pili imeota vema. Bado anadaiwa fedha za vifuko.

Lakini nawasihi, msiondoke hapa mkasema, Pasta amefundisha kwamba kila anayesaidiwa lazima ajishughulishe. Ikumbukeni ile picha ya kijitabu. Wako watu ambao ukiwaweka chini wazunguke wenyewe, unawaunguza ndani. Mjane aliyezika juma lililopita, usimwambie ashike usukani. Mgonjwa, mtoto, mtu ambaye akili yake imechoka, hawa hubebwa wazima wazima. Yule mtu mwenye kupooza katika Marko sura ya 2 alichukuliwa na wanne mpaka juu ya dari, wala hawakumwomba ashike hata ncha ya godoro lake. Wakati wa kulibeba yeye ulikuja baadaye, alipokwisha kupona. Namna gani utamjua huyu ni wa kuvutwa na yule ni wa kubebwa? Mimi huanza kwa kwenda nyumbani kwake kwa miguu na kumwuliza.

Nawe unayevutwa usiku huu, labda na ndugu yako anayelipa karo ya watoto wako, labda na mkeo wewe ukiwa huna kazi, neno langu kwako ni fupi. Wapigao kelele sokoni waache wapige. Yaangalie mataa ya aliye mbele yako. Mkifika kwenye mteremko, yaani fedha zikianza kupatikana kwa wepesi, hapo ndipo ukanyage breki.

Deni la giaboksi tulilimaliza mwaka 2025, katika mnada wa baada ya ibada. Watu walileta kuku, ndizi, mursik. Yule mtu wa kitalu alileta miche miwili ya parachichi, naye mwenyewe akaibeba mpaka mbele. Mmoja ulinunuliwa na yule dereva wa lori. Wa pili niko nao nyuma ya nyumba, nimeuzungushia miti kwa sababu ya mbuzi.

Tuombe. Ee Bwana, uwaangalie madereva wa majani walioko barabarani katika mvua hii. Umkumbuke anayevuta amechoka, na anayevutwa anaona haya. Utupe masikio ya kuuliza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.