Lakiri ya Bahasha na Haki ya Mtoto

Kila mwaka unapokaribia kwisha, askari polisi wa nchi jirani za Kenya na Uganda hupewa kazi ambayo haifanani na kazi zao za siku zote. Hawafukuzi majambazi, wala hawatulizi ghasia. Hulinda karatasi. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, masanduku hufunguliwa mbele ya mashahidi, bahasha zenye lakiri huhesabiwa, na askari mwenye bunduki hupanda gari pamoja na mwalimu mkuu kuelekea shuleni. Huko wanangoja watoto waliokaa darasani miaka mingi kwa ajili ya siku chache hizo.

Yafaa kuuliza: askari huyo analinda kitu gani? Jibu la haraka ni kwamba analinda siri ya serikali. Jibu hilo ni sahihi, lakini halitoshi. Anachokilinda ni haki ya mtoto ambaye hana kitu kingine cha kumtetea ila kile alichojifunza.

Ili jambo hili lieleweke, ni lazima kutazama asili ya mtihani wenyewe. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, shule za sekondari zilikuwa chache mno kuliko watoto waliomaliza shule za msingi. Serikali ya kikoloni ilikuwa imezoea kuwachuja Waafrika kwa mitihani, na baada ya uhuru kazi ya kuchuja haikuweza kukoma kwa siku moja, maana nafasi hazikuongezeka kwa kasi ya matumaini ya wananchi. Katika miaka ya 1960 ndipo ukaanzishwa mtihani wa Darasa la Saba uliojulikana kwa herufi za CPE. Mtoto aliyefaulu vizuri aliitwa katika shule ya serikali. Wengine walirudia darasa, au waliingia katika shule za Harambee zilizojengwa kwa nguvu za wananchi, au walirudi nyumbani.

Mtihani wa namna hiyo ni chekeche. Na chekeche, ndugu wasikilizaji, halikuzi nafaka. Hutenganisha tu iliyopo. Hata kama watoto wote wa nchi wangekuwa hodari, bado wengi wangeachwa nje, kwa sababu madawati ya sekondari hayakuwatosha. Hilo ni jambo la kwanza ambalo mzazi hana budi kulijua kabla hajamwita mwanawe mjinga.

Jambo la pili ni kwamba mtihani huamua kitakachofundishwa. Katika CPE watoto waliulizwa Kiingereza, hesabu, na karatasi moja ya maarifa ya jumla. Kiswahili, lugha ambayo Wakenya wa makabila mbalimbali huitumia sokoni na kambini, hakikuwamo. Matokeo yake yalikuwa dhahiri: katika shule nyingi kipindi cha Kiswahili kiligeuka kuwa kipindi cha kuongezea hesabu. Mwaka 1985 ulipofanyika kwa mara ya kwanza mtihani mpya wa Darasa la Nane, yaani KCPE, Kiswahili kiliwekwa miongoni mwa masomo ya lazima, pamoja na kuandika insha. Ndipo vitabu vikanunuliwa, walimu wakatafutwa, na lugha ikapata heshima darasani. Mtaala unaweza kusema mengi, lakini mwalimu na mzazi hutazama swali litakalotoka.

Kenya ilikwisha kulitambua jambo hili katikati ya miaka ya 1970. Wakati huo watungaji wa CPE walianza kupunguza maswali ya kukariri na kuongeza maswali ya kufikiri. Tofauti yake ni kubwa. Swali la kukariri humwuliza mtoto jina la mdudu anayeeneza malaria. Swali la kufikiri humwuliza kwa nini familia inayofukia madimbwi karibu na nyumba yake huugua mara chache. La kwanza hujibiwa na mwenye kitabu. La pili laweza kujibiwa pia na mtoto wa kijijini aliyefundishwa kutazama mambo yanayomzunguka.

Hawakuishia hapo. Shule zilipelekewa jarida lililoeleza maswali yaliyowashinda watoto wengi, makosa waliyoyafanya, na njia ya kuyarekebisha. Hapo mwanzo walionufaika zaidi ni wale waliokuwa mbele, maana ndio waliokuwa tayari kulitumia jarida hilo. Lakini baadaye wilaya nyingi zilizokuwa nyuma zilianza kusogea. Funzo lake ni kwamba mtihani uliotungwa vizuri, na ukaelezwa waziwazi kwa walimu wote, unaweza kuwa chombo cha kufundishia, wala si rungu la kuwapigia watoto.

Nchini Uganda hali ina sura yake. Mwaka 1997 serikali ilianza mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na katika mwaka huo mmoja idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka kiasi cha milioni 3 hadi kupita milioni 5. Madarasa yakafurika. Watoto hao walipofika Darasa la Saba walikutana na mtihani wa PLE, wenye masomo manne: Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Kila somo hupewa alama kuanzia 1, ambayo ndiyo bora, hadi 9. Kwa hiyo mtoto hodari kabisa hupata jumla ya 4, na anayeanguka kabisa hupata 36. Mwaka 2007 Uganda ilipoanzisha sekondari kwa wote, nafasi ya mpango huo iliwekwa kwa wale wenye jumla isiyozidi 28. Mlango ulipanuliwa, lakini kizingiti kilibaki.

Mwaka huohuo wa 2007 Uganda ilianza kueneza utaratibu wa kuwafundisha watoto wa madarasa matatu ya mwanzo kwa lugha ya mahali walipo, kisha kuwahamisha polepole kwenda kwenye Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya mtihani. Utaratibu huo una hekima, maana mtoto hujifunza kusoma upesi zaidi kwa lugha anayoielewa. Lakini kwa familia ya askari una ugumu wake. Askari anayehamishwa kutoka Gulu kwenda Mbarara huondoka na mtoto wa Darasa la Pili aliyeanza kusoma kwa Kiacholi, akampeleka mahali ambapo wenzake wanasoma Kinyankole. Baba huripoti kwa mkuu wake mpya siku hiyohiyo na kuanza kazi. Mtoto huanza upya, naye hana wa kumripotia.

Ndugu wasikilizaji, uhamisho ni sehemu ya utumishi, na amri ya jeshi au ya polisi haiwezi kungoja ratiba ya shule. Walakini mzazi mwenye sare anaweza kupunguza madhara. Mtahiniwa wa darasa la mwisho huandikishwa mapema katika kituo maalumu cha mtihani, na kumhamisha baada ya hapo ni kumtia katika matatizo ya makaratasi na ya moyo. Familia nyingi za askari katika nchi hizo humwacha mtoto kwa shangazi au kwa bibi hadi amalize mtihani, kisha humfuata baba. Na mtoto wa madarasa ya chini anapohama, daftari zake na taarifa yake ya maendeleo zihame pamoja naye, ili mwalimu mpya ajue pa kuanzia.

Yapo pia maradhi yaliyozikumba nchi zote zenye mtihani wa kuchuja, nayo ni wizi wa mitihani. Kenya ililiona hilo kwa uchungu mwaka 2015, maswali yalipovuja na kuuzwa. Mwaka 2016 bodi ya baraza la mitihani ilivunjwa, na utaratibu mpya ukawekwa: karatasi zihifadhiwe katika makontena yenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mkuu wa elimu na wa pili kwa mkuu wa utawala wa mahali hapo, na polisi walinde usiku na mchana. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka huo, waliopata daraja la juu kabisa walishuka kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141. Wakenya waliijadili sana hesabu hiyo, na wengi waliona kwamba sehemu ya fahari ya miaka ya nyuma ilikuwa ya kununua.

Ni nani huumia karatasi inapovuja? Si mtoto wa tajiri, kwa kuwa yeye ndiye mnunuzi. Anayeumia ni mtoto wa mkulima, wa mfugaji, na wa askari wa cheo cha chini, ambaye amekesha na taa akiamini kwamba swali la kesho hajalijua mtu. Anaposhindwa, haambiwi kwamba ameibiwa; huambiwa kwamba hana akili, na huenda akaamini hivyo maisha yake yote. Kwa sababu hiyo askari anayepokea fedha ili afumbe macho kwa dakika kumi hajauza karatasi tu. Ameuza miaka saba au minane ya watoto asiowajua, na pengine wa mwenzake anayelala naye kambi moja.

Hata hivyo, kufuli mbili na bunduki haziwezi kumfundisha mtoto kusoma. Wazee husema kwamba ng'ombe hanenepi siku ya mnada. Katika Kenya na Uganda iko desturi ya kuwakamua watoto wa darasa la mwisho: masomo kabla ya alfajiri, masomo baada ya magharibi, masomo siku za likizo. Sheria ya Elimu ya Kenya ya mwaka 2013 ilipiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo, lakini wazazi wengi waliendelea kuyalipia kwa siri, kwa kuwa hofu ya chekeche ina nguvu kuliko sheria.

Maandalizi ya kweli huanza mbali. Mtoto ambaye katika Darasa la Tatu hawezi kusoma aya moja na kueleza maana yake, hatashindwa sayansi katika Darasa la Saba kwa sababu ya sayansi. Atashindwa kwa sababu haelewi swali. Kwa hiyo mzazi asingoje mwaka wa mwisho. Amsikilize mtoto akisoma kwa sauti, hata kwa robo saa, siku anazokuwa nje ya zamu. Aliye mbali mpakani amwandikie barua, na ataka ajibiwe kwa barua, kwani hilo nalo ni zoezi la insha. Unapofika mwaka wa mwisho, karatasi za miaka iliyopita zitumike kama kioo: mtoto ajibu, akosolewe, aeleze mwenyewe kwa nini alikosea. Kukariri majibu ya zamani hakumsaidii, maana swali halirudi kwa sura ileile. Na usiku wa kuamkia mtihani alale. Askari wanafahamu kuliko watu wengine kwamba aliyekesha bila sababu hafai asubuhi ya mapambano.

Tarehe 23 Novemba 2023 Kenya ilitangaza matokeo ya mwisho ya KCPE. Watahiniwa walikuwa zaidi ya milioni 1.4, na waliopata alama 400 au zaidi kati ya 500 hawakufika 9,000. Baada ya miaka 38 mtihani huo ukaingia katika historia. Badala yake mtoto hupimwa mwishoni mwa Darasa la Sita bila kuzuiwa kuendelea, na mwaka 2025 ulifanyika kwa mara ya kwanza mtihani wa Darasa la Tisa, ambao hutumika katika kumpangia shule ya sekondari ya juu. Tanzania nayo, kwa Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeamua elimu ya lazima iwe ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini.

Mabadiliko hayo ni mema, kwa kuwa yanamwondolea mtoto mdogo mzigo wa kuhukumiwa mapema. Lakini chekeche halijatupwa, limesogezwa mbele. Maadamu shule nzuri ni chache, patakuwa na mtihani, na penye mtihani patakuwa na bahasha, na penye bahasha patakuwa na mwenye kuitamani. Kazi ya kuongeza shule na walimu ni ya taifa zima. Kazi ya kumfundisha mtoto ni ya mwalimu na mzazi. Na kazi ya kuhakikisha kwamba lakiri inakatwa mbele ya watoto wenyewe, saa iliyopangwa, imekabidhiwa askari aliye lindoni. Akiifanya kwa uaminifu, mtoto atakayeshinda atajua kwamba ameshinda, na atakayeshindwa atajua kwamba hakuibiwa.