Mwezi wa Michezo, Mashairi na Obokano
(Hotuba ya Karani wa Chama, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imetuagiza tueleze mambo ya mwezi wa Machi, maana katika mwaka huu mzima hakuna mwezi uliotutoa jasho kama huo, wala hakuna ulioleta maneno mengi zaidi katika vikao vyetu. Hesabu ya fedha atawasomea Mweka Hazina. Sisi tulioshika kalamu ya chama tutasema yale yasiyoweza kuandikwa katika daftari lake.

Kwanza ni michezo ya shule. Wazee wajua ya kuwa mashindano haya ya maigizo yalianza nchini Kenya mwaka 1959, na katika miaka ile ya mwanzo michezo mingi ilikuwa ya Kiingereza. Siku hizi mambo yamegeuka. Watoto hushindana katika tarafa, kisha kaunti ndogo, kisha kaunti, na washindi huenda Nyanza nzima, hatimaye taifa. Nao huleta maigizo, mashairi ya kukariri, masimulizi, na ngoma za asili zilizotungwa upya. Shule mbili zilituandikia barua zikiomba nauli ya basi. Tulizipa kidogo, nasi tukaona inatupasa kwenda kutazama fedha yetu imefanya kazi gani.

Shule moja ilicheza habari ya Moraa na Otenyo. Kwa faida ya vijana tutaikumbusha kwa ufupi. Mwezi wa Januari mwaka 1908, Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki mtawala wa Kiingereza, Bwana Northcote, yule ambaye babu zetu walimwita Nyarigoti. Aliyemtia moyo ni Moraa, mama mwenye sifa ya unabii. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa Gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa, na nchi ya Gusii ikachomewa nyumba na kunyang'anywa ng'ombe. Mpaka leo wazee wetu wanadai fuvu lake lirudishwe, wakisema lilipelekwa Uingereza.

Msichana aliyecheza Moraa hakuwa mrefu, wala sauti yake haikuwa kubwa, lakini alipowaaibisha wanaume kwa kukaa kimya huku ng'ombe wakienda, ukumbi mzima ulinyamaza. Hapo mzee mmoja wa Kitutu akasimama katikati ya mchezo akasema kwa Ekegusii, "Hakusema hivyo! Mama yangu alinisimulia!" Watoto walisita. Waamuzi wakatazamana. Mwalimu wao, badala ya kukasirika, alimfuata mzee huyo baada ya mchezo akiwa na daftari, wakaketi chini ya mti kwa muda wa saa nzima. Shule ile haikupata nafasi ya kwanza. Walakini twaona ya kwamba saa ile chini ya mti ilistahili nauli yote tuliyotoa.

Juma lililofuata tulialikwa mjini Kisii kusikiliza mashairi ya vijana. Mji wetu si mgeni katika kazi hiyo. Mwaka 2013 Bwana Christopher Okemwa, mshairi na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kisii, alianzisha tamasha la mashairi liitwalo Kistrech, nalo limewaleta kwetu washairi wa nchi za mbali, watu waliosoma tungo zao kwa lugha ambazo hapakuwa na mtu wa kuzifasiri ila wao wenyewe. Vijana tuliowasikia walikuwa wa kwetu. Wengine walisoma kwa Kiswahili, wengine kwa Kiingereza, na wawili kwa Ekegusii. Twakiri ya kuwa sisi tuliosoma shule za misheni tulifunzwa kwamba shairi lina vina na mizani, na lisilo navyo ni maneno tu. Basi tuliketi tukihesabu mizani kwa vidole mpaka tukachoka. Ndipo kijana mmoja akasoma habari ya baba yake kugawa shamba la chai kwa wana watano, kila mmoja akapata mistari michache ya miche. Halikuwa na kina hata kimoja. Wazee watatu waliokuwa mbele yetu waliinamisha vichwa, nasi tukaacha kuhesabu.

Juu ya safari ya Tabaka hatutasema mengi, kwa kuwa wengi mnakujua. Tuliwachukua watoto wa shule waone jiwe linavyotolewa machimboni, linavyokatwa kwa panga, linavyochongwa kwa kisu, na jinsi akina mama wanavyolisugua kwa msasa na maji mpaka ling'ae, kisha likapakwa nta. Tuliwaambia habari za Bwana Elkana Ong'esa, mwana wa Tabaka, ambaye mwaka 2014 alikuwa Washington katika tamasha kubwa la utamaduni wakati Kenya ilipoalikwa huko. Mtoto mmoja akauliza mbona anayechonga sahani apata kidogo, na anayeiuza Nairobi apata zaidi. Wachongaji walicheka. Hakuna aliyemjibu, na sisi pia hatukuwa na jibu.

Sasa twafika Keroka, na hapa, Bwana Mwenyekiti, lazima tuungame.

Tuliichagua Keroka kwa kuwa mji huo umekaa mpakani mwa kaunti zetu mbili. Tangu Nyamira ilipotengwa na Kisii mwaka 1989 ikawa wilaya yake, na hasa tangu kaunti zilipoanza mwaka 2013, mmesikia ugomvi wa nani akusanye ushuru wa soko lile. Tulitaka siku moja ambayo watu watakaa pamoja bila kuulizana wametoka upande gani. Tulipanga michezo, mashairi, ribina ya akina mama, na mwisho obokano.

Neno hilo, "mwisho", ndilo kosa letu. Mzee mpiga obokano tuliyemwalika alitoka Bobasi alfajiri, amebeba chombo chake kilichofungwa kwa blanketi. Ninyi wazee mwajua ukubwa wa obokano, nyuzi zake nane, na mngurumo wake unaoingia kifuani. Tulimketisha kwenye benchi tangu saa nne asubuhi. Hotuba zikarefuka. Kila mgeni mwenye cheo alitaka kusema, na sisi, kwa kuogopa vyeo, tukawaruhusu. Akina mama walipomaliza ribina, ambayo zamani ilichezwa hasa kwa kuomba mvua, wingu lilikuwa limekwisha kufunga. Mvua ikapiga mabati. Watu wakakimbilia magari. Mzee alipoitwa ilikuwa saa kumi na moja na nusu, waliobaki hawakufika thelathini, na sauti ya obokano haikusikika kwa kelele ya mabati. Alipiga wimbo mmoja, akafunga blanketi lake, akasema kwa upole tu: "Mlikuwa mmenialika nije kumaliza mvua?"

Hakudai malipo zaidi ya tuliyoagana. Hilo lilituumiza kuliko kama angalidai.

Katika kikao kilichofuata maneno yalikuwa makali. Baadhi ya wanachama walisema chama hiki kiliundwa kwa ajili ya msiba, ugonjwa na karo, wala si kwa ngoma, na ya kuwa mjane hawezi kumzika mumewe kwa mashairi. Maneno hayo ni ya kweli, nasi hatuyapuuzi. Sanduku la msiba halikuguswa hata senti moja, na halitaguswa. Wengine walijibu kwamba katika mazishi yenyewe obokano haisikiki tena, tunakodi vipaza sauti vya kupigia nyimbo za watu tusiowajua, na tunavilipia kwa fedha hiyo hiyo ya msiba. Hapo kikao kilinyamaza kidogo.

Halmashauri ikakata shauri kwamba wajumbe watatu waende Bobasi kuomba radhi. Tulikwenda na sukari, majani ya chai na blanketi jipya. Mzee alitupokea vizuri. Alituonyesha chombo: ngozi imelegea kwa kulowa siku ile, na nyuzi mbili zimekatika. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya ng'ombe, siku hizi hutumia nailoni. Tukamwuliza ni nani kati ya wanawe anayejua kupiga. Akasema hakuna, wako Nairobi wote. Tukamwuliza kama angemfundisha mtoto wa mtu mwingine. Alifikiri kwa muda mrefu, kisha akasema yuko tayari, mradi kijana aje mwenyewe bila kuletwa kwa nguvu, na aanze kwa kujifunza kuwamba ngozi.

Kwa hiyo Halmashauri inaleta mbele yenu ombi moja: mchango wa pekee, ulio mbali na sanduku la msiba, wa kununua ngozi na nyuzi, na kumlipia kijana mmoja nauli ya kwenda Bobasi kila Jumamosi kwa mwaka mmoja. Vijana wawili wamekwisha kujiandikisha. Mmoja ni msichana aliyecheza Moraa. Zamani obokano ilikuwa chombo cha wanaume, nasi tulidhani mzee atakataa. Tulipompelekea habari alituma jibu fupi: aje, lakini alete kigoda chake mwenyewe.