Kiti cha Gari si Kochi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kufunga Vipasha Joto kwenye Pikapu

Mazungumzo yaliyotolewa kwa watumiaji wanaozungumza Kiswahili katika jimbo la Minnesota, Marekani, mwanzoni mwa majira ya baridi



 Wengi wenu mlizaliwa mahali ambapo kiti cha gari humtesa mtu kwa joto. Gari likiachwa juani Mombasa au Bujumbura, mtu hutafuta kanga ya kutandika kabla ya kukaa. Hapa Minnesota mambo yamegeuka. Asubuhi ya Januari, nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri si jambo la ajabu. Kiti huwa baridi kama jiwe la mtoni, na injini, hasa ya dizeli, hukawia kupata moto wa kutosha kupasha chumba cha dereva. Anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kazini hana kosa akitamani kiti chenye joto.

Kwa hiyo sikuja kuwakataza. Vipasha joto vya viti vinauzwa kwa halali, na vikifungwa vizuri hufanya kazi vizuri. Nimekuja kuwaambia jambo moja ambalo halijaandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa: kiti cha gari la leo si kochi. Ni sehemu ya mfumo wa kuokoa maisha, na anayekifungua anafungua zaidi ya kitambaa na sponji.

Mwaka jana alifika ofisini kwetu bwana mmoja, mwenye pikapu aliyoinunua ikiwa imetumika. Alikuwa ameagiza seti ya vipasha joto kwa njia ya intaneti, akaipeleka gereji. Fundi alifanya kazi tangu asubuhi hadi adhuhuri, akalipwa fedha taslimu, akatoa kikaratasi chenye maneno matatu: “Kazi ya viti.” Joto lilikuwa zuri. Baada ya siku chache bwana huyo aliona kwamba taa ndogo ya dashibodi, inayoonyesha kuwa mfuko wa hewa wa abiria umezimwa, inaendelea kuwaka hata mkewe anapokuwa amekaa. Akarudi gereji. Akaambiwa gari ni la zamani, na taa za magari ya zamani huwaka ovyo. Akaridhika. Msimu mzima wa baridi alimpeleka mkewe kazini na kumrudisha, juu ya barafu, na taa ile ikiwaka mbele yao.

Majira ya kuchipua yalipofika, karakana ya wakala wa kampuni iliyolitengeneza gari ilikikagua kiti. Kipasha joto kilikuwa kimelazwa juu ya kihisi kinachopima uzito wa abiria, na kompyuta ya gari haikuweza tena kumtambua mtu mzima. Taa haikuwa imewaka ovyo. Ilikuwa ikisema kweli: siku zote zile, kama gari lingegonga, mfuko wa hewa wa mama yule usingefunguka. Mwenyezi Mungu aliwanusuru, gari halikugonga. Lakini gharama ya kuondoa kifaa na kukirekebisha kihisi ilipita mara kadhaa fedha alizolipa mwanzoni. Tulimwandikia barua mwenye gereji. Alijibu kwamba hakugusa kihisi chochote, na kile kikaratasi hakikueleza alichogusa. Hatukuwa na la kushika.

Kisa hiki kina mafunzo mawili, la kiti na la karatasi. Naanza na kiti.

Kipasha joto ni kitambaa chembamba chenye nyuzi za kaboni au waya unaopata moto umeme unapopita. Kila kiti hupata vipande viwili, kimoja cha kukalia na kimoja cha mgongo. Fundi hukitoa kiti garini, hukivua ngozi au kitambaa chake, hulaza vipande juu ya sponji, hurudisha kitambaa, kisha huunganisha waya. Hapo katikati ndipo penye hatari tatu.

Hatari ya kwanza ni ya kiti cha abiria. Tangu Septemba 2006, magari mapya madogo na pikapu za kawaida zinazouzwa Marekani zinapaswa kuwa na mfuko wa hewa wa mbele unaozingatia aliyekaa. Katika magari mengi kiti chenyewe hupima uzito, ili mfuko ujizime kwa mtoto mdogo na uwe tayari kwa mtu mzima. Kitu chochote kikiongezwa kati ya abiria na kihisi kinaweza kuvuruga kipimo hicho. Kosa likielemea upande mmoja, mtu mzima hukosa mfuko. Likielemea upande wa pili, mtoto hupigwa na mfuko ambao haukupaswa kufunguka. Someni kitabu cha gari lenu. Kikikataza kuongeza kitu kwenye kiti cha abiria, msibishane nacho. Mnaweza kufunga kipasha joto kwenye kiti cha dereva peke yake, kwani kwa kawaida kihisi hicho kiko upande wa abiria tu.

Hata hivyo, kiti cha dereva nacho kina mambo yake. Magari mengi yana mfuko wa hewa wa ubavuni uliofichwa ndani ya mgongo wa kiti, upande wa mlango. Mfuko huo hutoka kwa kupasua mshono maalumu. Kipasha joto kikiufunika mshono, au fundi akiushona upya kwa uzi mgumu, mfuko hauna pa kutokea. Waya zake mara nyingi zina viunganishi vya rangi ya manjano. Kabla ya kuvigusa, fundi anayejua kazi hufungua kichwa cha hasi cha betri na kungoja muda uliotajwa na kitabu cha gari, kwa kuwa umeme hubaki kwenye mfumo hata betri ikiwa imefunguliwa. Mkimwona fundi anachomoa viunganishi hivyo betri ikiwa imefungwa, msimamisheni, kwa adabu, lakini msimamisheni.

Sheria ya shirikisho nayo iko upande wenu. Gereji inayofanya biashara ya kutengeneza magari hairuhusiwi kukiua kwa kujua kifaa cha usalama ambacho sheria ilitaka gari liwe nacho. Fundi akiwaambia, “Tutaizima tu hiyo taa,” tafuteni fundi mwingine.

Hatari ya pili ni ya umeme. Hapa hesabu ni nyepesi. Kiti kinachotumia wati 60 kwenye umeme wa volti 12 kinavuta ampea 5; viti viwili vinavuta 10. Mzigo huo si wa kudandia kwenye waya wa redio au wa taa ya ndani. Unahitaji njia yake, yenye fyuzi yake, iliyowekwa karibu na pale umeme unapochukuliwa. Fyuzi ipo ili ikatike kabla waya haujaungua, kwa hiyo ukubwa wake ni ule uliotajwa na mtengenezaji wa kifaa. Ikikatika mara kwa mara, inatoa taarifa ya hitilafu. Anayeweka kubwa zaidi ili isikatike anamnyamazisha shahidi.

Umeme huo uwake pale tu ufunguo wa gari unapokuwa umewashwa. Vipasha joto vinavyobaki vimewaka usiku, kwa ampea 10, vitamaliza betri ya kawaida kabla ya mapambazuko, na betri ya asubuhi ya baridi kali tayari ni dhaifu. Waya za chini ya kiti zifungwe mbali na reli zinazosogea, maana pikapu hutikisika, na kiti kinachosukumwa mbele na nyuma hukata waya kama msumeno butu: polepole, lakini hukata.

Hatari ya tatu ni ya ngozi ya binadamu, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Tumezoea kudhani kwamba kinachounguza ni moto mkali. Sivyo. Joto la nyuzi 44 za Selsiasi, ambalo mkono hulistahimili bila taabu, linaweza kuunguza ngozi iliyokaa juu yake kwa saa nyingi. Nyuzi zikipanda, muda unapungua upesi. Mtu mwenye afya huhisi, akajisogeza au akazima. Lakini mzee mwenye kisukari kilichofisha hisia za miguu na mapaja, aliyepooza kiwiliwili cha chini, au aliyelala kwa sababu ya dawa, hahisi. Ataungua akiwa ametulia, na huenda ikagunduliwa nyumbani wakati wa kubadili nguo. Wapo waliopata majeraha makubwa kwa namna hiyo hapa Marekani.

Kwa hiyo nunueni kifaa chenye kidhibiti joto kinachojizima, chenye ngazi zaidi ya moja za joto, na ikiwezekana chenye saa ya kukizima. Mkimbeba mama au baba wa hali hiyo, zimeni kipasha joto cha kiti chake na mpeni blanketi. Msikiwashe chini ya kiti cha mtoto. Msipige magoti juu ya kiti mnapopanda au kupakia mizigo, kwa sababu waya uliokunjwa hufanya doa moja lenye moto kuliko sehemu nyingine. Mkihisi doa hilo, mkiona kitambaa kimebadilika rangi, au mkisikia harufu ya kuungua, zimeni, toeni fyuzi, na msitumie tena mpaka kiti kikaguliwe.

Sasa nije kwenye karatasi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Bwana yule alikuwa na haki yake, lakini hakuwa na daftari.

Kabla ya kazi kuanza, ombeni makisio ya gharama kwa maandishi. Yataje aina ya kifaa, viti vitakavyofunguliwa, mahali umeme utakapochukuliwa, ukubwa wa fyuzi, bei ya vifaa, bei ya kazi, na muda wa dhamana ya kazi hiyo. Muulizeni fundi: “Je, kiti hiki kina kihisi cha abiria na mfuko wa ubavuni? Utakapomaliza utavikagua vipi?” Fundi mzuri hafurahi tu kulijibu swali hilo, atalitegemea. Asiyelijua jibu amekwisha kujibu.

Lipeni kwa kadi ya mkopo mkiweza. Kazi isipofanywa kama mlivyokubaliana, mnaweza kupinga deni kwa kumwandikia aliyetoa kadi ndani ya siku 60 tangu taarifa ya kwanza yenye deni hilo ilipotumwa. Fedha taslimu hazina mlango huo wa kurudia.

Kabla ya kuondoka gereji, washeni gari na tazameni dashibodi. Taa ya mifuko ya hewa huwaka kidogo, kisha huzimika. Mtu mzima akikaa kwenye kiti cha abiria, taa ya kuonyesha kwamba mfuko wake umezimwa haipaswi kubaki imewaka. Kama kuna kisichokuwa sawa, piga picha, liandikwe kwenye risiti, na msilichukue gari kwa maneno ya “itazoea.”

Wengine wameogopeshwa kwamba kufunga kifaa cha kampuni nyingine kunafuta dhamana yote ya gari. Si kweli. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1975, iitwayo Magnuson-Moss, haimruhusu mtengenezaji kuikataa dhamana kwa sababu tu mlitumia kifaa cha mwingine. Lakini kifaa hicho au ufungaji wake ukiwa ndio ulioleta hitilafu, anaweza kukataa kuitengeneza hitilafu hiyo. Waya uliounguzwa na kipasha joto hautalipiwa na dhamana ya gari.

Likitokea tatizo la usalama, toeni taarifa kwa NHTSA, shirika la shirikisho la usalama barabarani. Hupokea malalamiko juu ya magari na pia juu ya vifaa vya kuongeza. Huko mnaweza kutafuta kama gari limeitwa kurudishwa kwa marekebisho, kwa kutumia namba yake ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17. Kipasha joto chenyewe hakimo katika namba hiyo. Kitafuteni kwa jina la kampuni yake, na kwa sababu hiyo tunzeni boksi. Malalamiko ya fedha na udanganyifu pelekeni ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Mkihitaji mkalimani, ombeni bila haya.

Na kama baada ya kusikia haya mmeona kwamba kazi ni kubwa kuliko hamu, iko njia ndogo. Mto wenye joto, unaochomekwa kwenye soketi ya gari, haufungui kiti wala haukati waya. Uwekeni kwa dereva, usifunike ubavu wenye mfuko wa hewa, na uchomoeni mkishuka. Haupendezi kama kiti kilichofungwa kiwandani, lakini ukiharibika mnautupa, na gari linabaki jinsi lilivyokuwa.

Bwana yule niliyemtaja bado ana pikapu yake. Kiti cha dereva kina joto. Kiti cha mkewe hakina. Kina blanketi nene, na ile taa ndogo ya dashibodi mama akikaa inazimika. Aliniambia kwamba siku hizi huitazama kila asubuhi kabla ya kuondoa gari. Nami nawaomba, kama hamtakumbuka jingine katika niliyosema, ikumbukeni taa hiyo.