Elimu ya Mazingira Ianzie Darasa la Kwanza



Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una maji yanayokwenda pande mbili. Mto Momba huteremka kuelekea Ziwa Rukwa. Mto Songwe, unaotenganisha Ileje na nchi ya Malawi, humwaga maji yake Ziwa Nyasa. Hata hivyo mtoto aweza kufika darasa la nne, akichota maji ya kijito kila jioni, pasipo mtu kumweleza kijito hicho chatoka wapi na chaenda wapi.

Si kwamba serikali haikuliwaza jambo hili. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliweka Kutunza Afya na Mazingira kando ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Kasoro ni kuwa somo hili mara nyingi huishia kwenye kufagia uwanja. Ufagio una heshima yake. Lakini mtoto anayesukuma taka hadi nyuma ya choo na kuzichoma pamoja na plastiki amefundishwa kuuhamisha uchafu tu.

Somo lililo bora zaidi laweza kufanyika kwa kamba ya mita 10. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zenye kuhatarisha hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Watoto wa darasa la tatu waitandaze kamba hiyo mara sita kuanzia ukingoni. Wahesabu miti waliyoikuta, visiki, mashimo ya mchanga, mahali pa kufulia nguo. Hesabu, sayansi na uraia vimo humo humo, na hakuna kitabu kilichonunuliwa.

Ugumu nao umo humo. Kamba itaishia, bila shaka, katikati ya bustani ya mboga ya mzazi wa mmoja wao. Kilimo cha bondeni wakati wa kiangazi ndicho kilichonunua sare aliyoivaa mtoto huyo, na wenzake wote wanamtazama. Je, mwalimu aseme nini? Akinyamaza, watoto wamejifunza kuwa sheria ni ya ubaoni. Akimtaja mzazi, amemfanya mtoto mpelelezi wa nyumba yao, na kesho yake hatakuja shuleni. Inafaa kamati ya mazingira ya mtaa, kijiji au kata, ambayo sheria hiyo hiyo inaitambua, ipite bondeni kabla ya somo, izungumze na watu wazima kwa staha, na mzigo wa ubishi ubebwe na wakubwa. Mtoto abaki na kamba yake.

Tanzania si mgeni katika kazi ya namna hii. Mwaka 1991, jijini Dar es Salaam, Jane Goodall alikutana na wanafunzi 12 wa sekondari waliosumbuliwa na mambo waliyoyaona kwa macho yao, na hapo ikazaliwa Roots & Shoots, ambayo leo ina vikundi katika nchi nyingi. Wanafunzi wale walianza na yaliyowakera wenyewe. Mtoto wa Tunduma naye ana yake: foleni ya malori, mtaro uliozibwa, ndoo za maji. Asianzishwe na barafu ya ncha za dunia.

Kuhusu mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku Tanzania Bara tangu 1 Juni 2019, maneno ni machache. Tunduma ni lango la Zambia, na ukaguzi wa mpakani una mipaka yake. Lakini mtoto hutumwa dukani kila siku. Mzazi ampe kikapu.

Miti yahitaji maneno zaidi, kwa kuwa shule nyingi hupanda na chache huvuna kivuli. Mvua za mkoa huu huanza kwa kawaida Novemba na kukoma karibu na Aprili. Mche unaopandwa Machi, kwa sherehe na picha, hukutana na kiangazi mizizi yake ikiwa bado midogo. Likizo ya katikati ya mwaka humaliza usiosazwa na mbuzi. Afadhali mbegu zisiwe katika vitalu baadaye kuliko Agosti, ndani ya makopo na chupa zilizokatwa ambazo watoto wamekusanya, ili miche itoke Desemba au Januari mapema. Miparachichi inakubali Mbozi na Ileje, na mtoto hulinda mti atakaoula. Mikaratusi iwekwe mbali na vyanzo vya maji, hata ikitolewa bure.

Kila mche upewe watoto wawili wanaoishi karibu na shule, na jirani mmoja mtu mzima atakayeshika zamu ya kumwagilia wakati wa likizo. Majina ya majirani hao yaandikwe katika kikao cha wazazi kabla shule haijafungwa.