Wamefunga Kidonge, Mgonjwa Wamemuacha Mlangoni



Nimeombwa nizungumze kuhusu vidonge vya maumivu, uraibu, na vile serikali inafaa kulishika jambo hili. Kwenye mabaraza yetu hapa Pwani jibu huwa ni lile lile: polisi wavamie, maduka ya dawa yafungwe, kijana akamatwe. Kabla hatujapiga makofi, hebu tuangalie nchi iliyopita njia hiyo mbele yetu, tena ina pesa kutushinda. Nasema Marekani.

Mwaka wa 1996 kampuni ya Purdue Pharma ilianza kuuza dawa ya OxyContin. Hii ni dawa ya jamii ya afyuni, ukoo mmoja na morfini na heroini, ile tunayoiita unga. Madaktari waliambiwa kwamba kwa kuwa inayeyuka polepole mwilini, si rahisi mtu kuwa mraibu. Mamlaka ya serikali ya kukagua dawa, FDA, iliipitisha, na maneno ya namna hiyo yakaruhusiwa kwenye maelezo ya dawa. Kwa hivyo wengi hawakuanzia vichochoroni. Walikwenda hospitali na mgongo unaouma, wakarudi na karatasi ya daktari.

Na mzigo ulikuwa mkubwa. Kuna kijiji kinaitwa Kermit, jimbo la West Virginia, chenye watu kama 400 hivi. Duka moja la dawa pale lilipelekewa karibu vidonge milioni 9 vya maumivu kwa miaka miwili. Aliyeuza aliona hesabu. Aliyesambaza aliona hesabu. Serikali nayo ilikuwa na njia ya kuona hesabu.

Mwaka wa 2007 kampuni yenye uhusiano na Purdue na wakubwa watatu walikiri makosa kortini. Faini ilizidi dola milioni 600. Hakuna hata mmoja wa wale watatu aliyelala jela kwa kesi hiyo, na biashara ikaendelea.

Sasa sikizeni vizuri, maana hapa ndipo penye funzo. Serikali ilipoamka, ilibana kidonge. Florida ilifunga zile kliniki zilizokuwa zinauza karatasi za dawa kama njugu. Majimbo yakaweka sajili ya kila anayeandikiwa dawa hizi. Mwaka wa 2010 OxyContin ilibadilishwa umbo ili isisagike kwa urahisi. Baada ya 2012 dawa zilizoandikwa zilianza kupungua mwaka baada ya mwaka.

Je, vifo vilipungua? Hapana, vilipanda. Kwa nini? Kwa sababu walikifunga kidonge, yule aliyekwisha kuwa mraibu wakamuacha mlangoni. Mwili uliozoea afyuni hausubiri sheria. Arosto inakuja: mifupa inauma, tumbo linaharibika, usingizi hakuna. Mtu atatafuta chochote. Wengi wakahamia heroini, halafu ikaja fentanili, ambayo chembe ndogo tu yaweza kusimamisha pumzi. Kufikia 2021, dawa za jamii hii ziliua zaidi ya watu 80,000 Marekani kwa mwaka mmoja.

Na kuna walioumia kwa upande mwingine. Mwaka wa 2016 ulitolewa mwongozo wa kuwataka madaktari wapunguze dawa hizi. Baadhi yao waliogopa, wakawakatia ghafla hata wagonjwa wenye maumivu ya kweli. Mwaka wa 2022 ilibidi mwongozo urekebishwe. Sisi hapa tuna wagonjwa wa saratani wanaohitaji morfini ili angalau walale. Tukipiga kelele kwamba kila dawa ya maumivu ifungiwe, wao ndio wa kwanza kuumia.

Basi kitu gani husaidia? Kumtibu mtu. Ufaransa mwaka wa 1995 iliruhusu madaktari wa kawaida wa mitaani kuwaandikia waraibu buprenofini, dawa inayotuliza arosto bila kumlewesha mtu akapotea. Ndani ya miaka minne vifo vya kuzidisha dozi vilishuka karibu asilimia 80. Marekani yenyewe ilikuwa ikimtaka daktari apate kibali maalumu ili kuandika dawa hiyo hiyo ya kutibu, ilhali hakuhitaji kibali kama hicho kuandika kile kidonge kilicholeta uraibu! Kibali hicho kiliondolewa mwishoni mwa 2022. Mwaka wa 2023 naloksoni ya kupuliza puani, dawa inayomrudishia pumzi mtu aliyezidisha, ikaruhusiwa kuuzwa dukani bila karatasi ya daktari.

Kuna jambo jingine, na hili linatuhusu sisi watu wa haki. Mwaka wa 1986 Marekani ilipitisha sheria kwamba mtu akipatikana akiuza gramu 5 za kokeini ya mawe, ni miaka mitano jela, lazima. Yule wa kokeini ya unga alihitaji kushikwa na gramu 500 ndipo apate adhabu hiyo. Ya mawe ilikuwa ya mitaa ya maskini, na waliojaa jela ni watu weusi. Vidonge vilipoingia nyumba za Wazungu, lugha ikageuka: ni ugonjwa, wasaidiwe. Ni sawa, ni ugonjwa. Lakini ulikuwa ugonjwa tangu zamani. Kilichobadilika ni mgonjwa.

Sasa turudi kwetu. Sisi kwetu hatukuanza na karatasi ya daktari, wengi wetu tumezikwa na unga wa mitaani. Lakini mwili ni ule ule, na swali ni lile lile: kijana wetu ni mhalifu au ni mgonjwa? Kenya ilianza kutoa methadoni mwaka wa 2014, na Malindi ikafuata 2015. Leo kuna kliniki Kisauni na Kombani. Dawa hii inanywewa pale kliniki, siku baada ya siku. Hebu fikirieni: kijana ametoka nyumbani kwenda kunywa dawa yake, akazolewa kwenye msako Ijumaa, akawekwa ndani mpaka Jumatatu. Dozi tatu zimempita. Akitoka, arosto imemshika na muuzaji yuko pale kona. Na aliyekaa jela miezi kadhaa bila kutumia, mwili wake hauwezi tena kipimo cha zamani. Akirudia kile kile, anakufa. Huko si kupambana na dawa za kulevya, ni kuchimba makaburi.

Katiba yetu, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya, na inasema hakuna wa kunyimwa matibabu ya dharura. Haikusema isipokuwa teja.

Kwa hivyo tukidai, tudai kwa akili. Wauzaji wakubwa na wanaotoa dawa bila utaratibu wachukuliwe hatua, na wasiishie kulipa faini tu. Anayeenda kliniki asiguswe njiani, na aliye rumande apelekewe dozi yake. Naloksoni iwe kwenye zahanati na kwa wahudumu wa afya wa mitaani, maana mtu aliyezidisha hana saa moja ya kungojea gari. Na methadoni iwe na fungu lake katika bajeti ya kaunti, tusitegemee wafadhili ambao wakiamua kuondoka, wanaondoka.

Vikao vya umma vya bajeti vinaitwa kila mwaka na viti vinabaki vitupu. Tukavijaze. Mama mwenye mtoto kliniki aje, na kijana aliyepona aje aseme kwa mdomo wake. MCA aulizwe mbele ya watu: shilingi ngapi umeweka kwa matibabu, na ngapi kwa misako?